Mwambie Babako Ulikosea

Birikani, Voi
12 Aprili 2025

Mpendwa mwanangu Munir,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Doha, na Aliya, na mtoto? Kile kikohozi chake kimeisha? Mimi mzima, ila usingizi sipati, na joto la Voi mwaka huu halina huruma.

Barua hii nampa jirani yetu Ayub, anapanda ndege ya huko kesho. Kwenye simu babako huwa amekaa ubavuni pangu, na haya siwezi kuyasema akisikia.

Vile vidonge vya utamu vya kutia badala ya sukari ulivyomtumia vilifika kabla ya Ramadhani. Alifurahi sana. Nawe ukamwambia kwenye simu kwamba utamu ukigusa ulimi tu, mwili unatoa insulini wenyewe. Ulisema ukapita. Yeye aliyashika maneno hayo. Haikufika wiki mbili akaacha sindano zake za insulini. Nikimkumbusha ananicheka: "Mama Munir, unamchoma nani, mtu ambaye hata sukari hajaonja?"

Nikaiweka sindano kando. Mimi niliishia darasa la tatu, wewe ndiye uliyesoma. Tambi za Idi nikazipika kwa vidonge hivyo hivyo, akala sahani tatu.

Idi pili hakuweza kusimama. Maji anakunywa, kiu haikatiki. Akaniita kwa jina la mamake marehemu. Tulikaa hospitali siku nne.

Nesi Mutheu alinieleza pole pole. Vidonge ni utamu tu. Kwa mtu mwenye afya huenda mwili ukatoa insulini kidogo, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini kongosho la babako limechoka, halina cha kutoa. Na zile tambi, unga wake unageuka sukari ndani ya damu.

Nimekasirika, mwanangu, sikufichi. Nimekukasirikia wewe, na mimi mwenyewe niliyeshika mwiko.

Sasa yuko nyumbani, jicho la kushoto halioni vizuri. Sindano ya asubuhi anakubali kwa kunionea huruma, ya jioni hataki. Nesi akimsema, anamjibu, "Munir amesoma kuliko nyinyi." Kile kikopo cha vidonge kiko chini ya mto wake. Ningekitupa, lakini anachokishika ni maneno yako.

Mpigie siku hiyo hiyo utakayosoma barua hii. Usimwambie daktari kasema, wala mama kasema. Mwambie wewe ulikosea.

Dada yako Nasiha anakusalimu, na shangazi yako wa Miasenyi. Msalimie Aliya, nibusie mtoto. Mungu akulinde, akupe na ulimi wa kukiri.

Mamako, akupendaye hata kwa hasira hii,
Zaitun