Kola ya Mama Orpa

Mchesi, Lilongwe
12 Januari 2025

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Habari ya magoti yako na baridi hii ya mvua? Sisi huku ni wazima, mimi na mama mdogo Cécile, ila paa linavuja juu ya mashine ya kushona na tumetega ndoo. Mashine ni nzima pia.

Barua hii nimempa Gélase wa maharagwe, pamoja na vifungo ulivyoagiza. Sikutaki kwenye simu kwa jambo hili, maana nyumba zenu hapo kambini Dzaleka zinagusana, ukikohoa jirani anakuambia pole.

Mama, nimeanza kushona nguo zisizo na kitambaa. Usicheke kwanza. Kuna dunia ya kwenye kompyuta, watu wa nchi zote wanaingia humo, kila mmoja na mwili wa picha aliojichagulia. Wanatembea, wanapiga soga, wanacheza dansi, hata harusi wanafunga. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kwenda harusini uchi, wanahitaji fundi. Niyokwizera, yule Mrundi niliyesoma naye kompyuta kambini, amepanga chumba jirani na sisi, na ndiye aliyenionyesha njia. Nachora gauni, nalivisha mwili, nalipeleka kwa wakaguzi. Wakilikubali, mtu yeyote duniani anaweza kulivaa, na jina langu linakaa chini yake.

Gauni la kwanza walilikataa. Walisema ni zito, linakwamisha kompyuta za watu. Niyokwizera akalifungua kuangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimeshona hata ndani! Bitana, pindo, mfuko, na ile nafasi unayoniambia niache pembeni ili mwenye gauni akinenepa tulipanue. Mama, miili ile hainenepi. Akaniambia ndani hakuna anayeona, toa vyote. Nikatoa, lakini niliona aibu kama vile ungeingia mlangoni uniambie nigeuze nguo uione.

Mchana bado nashona na mama mdogo, usiogope. Lakini hili nimelianza na sitaliacha.

Binti yako,
Arlène


Dzaleka
19 Januari 2025

Arlène mama,

Salamu zako nimezipata, na vifungo, na asante. Magoti yanauma kama kawaida yake. Mvua imeangusha choo cha jirani lakini hapakuwa na mtu ndani, tunamshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Watu wanavaa nguo ili wafiche mwili. Ninyi huko hamna mwili, hamna kitambaa. Sasa mnafichana nini? Na gauni lisilo na upande wa ndani ni gauni gani? Mimi nilikufundisha kazi, sikukufundisha kudanganya macho.

Gélase alinionyesha kwenye simu yake ile picha uliyomtumia, ya msichana uliyemvisha gauni. Huyo msichana anaumwa nini? Hana makalio, hana mikono ya kubebea hata sahani. Mpe nsima ale ashibe kwanza, ndipo umvishe.

Sikukatazi. Nimekukataza mengi na hukuacha hata moja. Ila kwa watu wa kanisa nyamaza, maana ukiwaambia kuna dunia isiyoshikika kwa mkono, wao wanakumbuka mashetani tu.

Sare mpya za kwaya zimekamilika, za zambarau na njano. Nimeweka ile kola yangu ya majani matatu, niliyokuwa nakata tangu Uvira kabla hujazaliwa. Kitambaa cha kwaya hakikutosha, kwa hiyo kola zote nimezitolea kitambaa changu cheupe, kile nilichokuwa nakitunza. Hata Mama Olga, rais wetu wa kwaya, amesema zimependeza, na unamjua yule, hasifu hata maji akiwa na kiu.

Kula vizuri. Msalimie mdogo wangu.

Mama yako,
Orpa


Mchesi
2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi! Magoti yanaendeleaje? Huku umeme unakatika unavyotaka wenyewe, lakini leo hata umeme hauwezi kuniharibia siku.

Wamelikubali! Gauni langu limekubaliwa, na watu wanalivaa. Nilikaa mbele ya kompyuta ya Niyokwizera nikawatazama wakipita nalo kwenye uwanja wa dansi. Wengine wanaandika Kireno, wengine lugha nisiyoijua hata herufi zake. Mmoja amejichagulia kichwa cha paka, na mkia, na gauni langu, na anacheza vizuri kuliko wote.

Unajua kwa nini wamelipenda? Ni kola yako. Mafundi wengine wa humo wanaweka mabawa, moto, nyota zinazozunguka kichwani. Mimi niliweka majani yako matatu, nikayalaza begani kama unavyoyalaza. Rangi nilitia zambarau na njano, kwa sababu nilipofumba macho niliwaona mmesimama mbele ya kanisa mnaimba. Gauni nimeliita Orpa.

Nimefurahi, Mama, sijui niseme vipi. Nimefurahi mpaka nimechoka.

Binti yako,
Arlène


Dzaleka
6 Machi 2025

Arlène,

Sikusalimii.

Jana kwenye mazoezi Maombi mpiga kinanda alileta simu. Ndani ya simu kuna paka. Paka amevaa sare yetu, anakata kiuno, na jina lako liko chini yake. Simu ikazunguka mkono kwa mkono, na mimi nilikuwa wa mwisho kuiona. Mama Olga akasimama akasema mbele ya wote: "Mama Orpa, njo nini hii? Sare ya Bwana inavaliwa na nyama ya mukia? Batoto bako banatuuza kwa mashetani na we iko unanyamaza?"

Ningesema nini? Umekulia kwenye kwaya hii. Unajua sare haivaliwi na mtu asiyeimba. Mama Thacienne alipohamia kanisa lingine, aliirudisha imefuliwa na kupigwa pasi, huku analia. Mtu wetu akifa tunamzika nayo. Wewe umeitupa kwa watu wa dansi, ukaniambia umefurahi.

Kamati imekaa. Wanataka uondoe gauni lote, rangi na kola, halafu uje Jumapili ya tarehe thelathini upige magoti mbele ya kanisa, useme umetubu na umeiacha hiyo kazi. Usipokuja, mimi navua sare na natoka kwaya.

Arlène, mimi naimba sauti ya pili tangu nikiwa msichana. Tulipofika hapa hatumjui mtu, kwaya ndiyo iliyotupa sufuria. Baba yako alipokufa, kwaya ndiyo iliyolala na mimi chini wiki nzima. Nikitolewa humo nabaki na mashine na kuta.

Panda minibasi ya Dowa, ushuke barabarani, uchukue baiskeli ya kabaza, uje. Nakuomba.

Mama yako


Mchesi
10 Machi 2025

Mama yangu,

Hukunisalimu, lakini mimi nakusalimu. Habari ya magoti?

Rangi nimeziondoa jioni ileile nilipopata barua yako. Zambarau na njano pamoja ni za kwaya, nilikosea, na kwa hilo nawaomba radhi. Gauni sasa ni la kijani, na hata waliokuwa wamelivaa limewageukia miilini mwao. Paka naye yuko kijani.

Lakini kola siondoi. Na magoti sipigi.

Nitubu nini hasa? Sikuiba. Sikumvua mtu nguo, nimewavisha. Mashetani gani hayo yanayosubiri umeme urudi ndipo yafanye kazi? Mama Olga alisema kompyuta za kambini zitatuharibu, tukajifunza. Alisema msichana hakai Lilongwe bila mume, nimekaa, nashona, nalala kwa mama mdogo na mlango tunafunga. Leo anataka nipige magoti mbele ya watu walionibeba mgongoni nikiwa mtoto, niseme kazi ya mikono yangu ni uchafu. Akitaka mtu wa kupiga magoti, kwake zulia lipo.

Ninachoogopa ni kimoja tu, wewe kukosa kwaya. Nimelia juu ya hilo, sikufichi.

Basi nakuambia hivi. Mama Olga akinikataza, sisikii. Kamati ikinikataza, sisikii. Kola hiyo uliikata wewe kabla ya kwaya hii, kabla ya kambi hii, kabla yangu. Ukiniandikia wewe, kwa mkono wako, neno moja tu, "toa", nitaitoa siku hiyohiyo na sitakulaumu mpaka nazeeka. Lakini uliandike wewe.

Binti yako asiyesikia,
Arlène


Mchesi
31 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu. Sijui kama mko wazima, maana hamna anayeniambia.

Jumapili imepita na sikuja. Leo Gélase ameshusha magunia, nikanyoosha mkono nikidhani ana barua. Hana. Nikamuuliza kanisani ilikuwaje, akasema tu, "Mama yako iko muzima," akarudi kuhesabu magunia aliyokwisha kuyahesabu.

Simu yako imezimwa. Mama mdogo anasema nikuache upumue. Niyokwizera anasema nishone kitu kingine. Siwezi kushona kitu kingine.

Kola bado ipo. Nangoja neno lako, hata kama ni hilo nisilolitaka.

Arlène wako


Dzaleka
13 Aprili 2025

Arlène mama,

Nakusalimu katika jina la Bwana, salamu ndefu, pamoja na ile niliyokunyima mwezi uliopita. Mimi ni mzima. Magoti yanauma lakini yananisimamisha. Simu iliingia maji, usinitafutie maneno. Na sikuandika kwa sababu nilikuwa sijamaliza kukasirika, kwanza na wewe, halafu na wengine.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Barua yako nilikaa nayo. Nilichukua kalamu nikaandika lile neno, "toa". Niliandika kweli, usifikiri mimi ni jasiri sana. Nikaliangalia pale kwenye karatasi, mwandiko ni wangu lakini sauti ni ya Mama Olga. Nikatia karatasi kwenye jiko la mkaa, nikachemshia chai.

Jumamosi mchana nilichukua sare yangu, nikaifua, nikaifumua kola. Mshono kwa mshono, bila kuchana kitambaa. Za wengine sikuzigusa, niliwapa na sinyang'anyi. Nikapiga pasi sare, nikaikunja.

Jumapili Pasta Étienne aliita jina lako. Akaita jina langu. Nikaenda mbele na kitenge cha nyumbani, sare mkononi, na watu wakaanza kunong'ona. Mama Olga akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikasema, na nilisema kwa nguvu, hata waliokuwa nje walisikia:

"Mutoto iko ku kazi. Rangi yenu amerudisha, na radhi ameomba. Hii kitambaa ni ya kwaya, iko hapa, nimeifula. Lakini kola nilikata miye, na makasi yangu, ku meza yangu, na kitambaa yangu. Kwaya nilibapatia. Mutoto wangu pia nimemupatia. Kitu ni yangu, siwezi kupatia bantu babili?"

Mama Olga akasema, "Kwa hiyo unachagua paka, unaacha kwaya ya Bwana?"

"Mi sichague kitu. Ninyi njo munachagua. Mi nilikuja kuimba."

Nikamwekea sare mapajani. Aliigeuza, akaona shingo haina kola, akaikunja upya.

Pasta akataka tuombe, tukaomba, halafu akaambia kwaya iimbe. Nilikuwa nimekwenda kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na moyo unauma, sikufichi na mimi. Nimesimama na wale miaka yote, na sasa naangalia migongo ya watu. Wakaanza. Sauti ya kwanza ipo, ya tatu ipo, ya pili inatafutana kama kuku jioni. Nikavumilia ubeti mmoja. Wa pili nikasimama palepale nikaimba yangu.

Hakuna sheria inayokataza mtu wa benchi kuimba. Maombi akainua kichwa kwenye kinanda, akapunguza mwendo, akanifuata. Wale wanawake wa sauti ya pili wakanifuata. Mama Olga alinitazama mstari mzima. Nikamtazama, nikapandisha sauti.

Jumapili iliyofuata hivyo hivyo tena, na leo tena. Sare sina, kwaya wanasema mimi si wao. Basi wasinifuate, tuone.

Sasa kazi yako. Kola usiitoe. Upande wa ndani urudishe, bitana na pindo, hata wakisema ni zito. Tafuta namna, wewe si umesoma? Na huyo msichana mgonjwa mwondoe. Tengeneza mwanamke wa umri wangu, mwenye makalio yangu na mikono ya kuinua sufuria. Magoti mpe mazima, hayo tu ndiyo nakuruhusu kudanganya.

Akiwa tayari niandikie. Nitakwenda kwenye kompyuta za hapa kambini, nitakaa mbele ya watu wote, nitaomba mtu anionyeshe pa kubonyeza, na nitaingia humo na kola yangu. Nikifika nitaligeuza hilo gauni nione ulivyoshona.

Na kama kuna kwaya huko, waambie sauti ya pili inakuja.

Mama yako,
Orpa