Jina la Gabrieli Kwenye Nia za Misa

Mafiga, Morogoro
Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na njegere hazikuharibiwa na baridi. Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti. Barua hii anakuletea Semeni, yule anayeshusha mboga sokoni, maana simu siiamini tena.

Habari za Katekista Castory najua zimeshafika huko mlimani, sijui zimefikaje. Usiamini wanaosema alilewa. Alichukuliwa Jumapili mlangoni pa kanisa, bado amevaa kanzu, kwa sababu ya nia za misa, yale maombi ya waumini yanayosomwa kanisani.

Unakumbuka uliniagiza niandikishe nia ya Mama Gabrieli, kwamba mwanawe arudi salama. Ni miezi miwili sasa tangu Gabrieli achukuliwe na gari lisilo na namba, kisa alidai kura zihesabiwe upya. Mimi ndiye katibu wa jumuiya, karatasi naiandika mimi: wazima juu, marehemu chini. Katekista aliisoma kama ilivyo. Alipofika chini akatamka marehemu Gabrieli. Akanitazama mara moja tu, akaendelea.

Baada ya misa vijana wawili wasio wa parokia yetu walimwuliza nani kamwambia kwamba Gabrieli amekufa. Akawajibu kwamba karatasi kaandika yeye, ni mzee, macho mabovu, na kama wao wanajua Gabrieli yuko hai, basi wakamwambie mama yake. Wakaitaka karatasi. Alikuwa ameshaitia kwenye makaa ya chetezo.

Ofisini mkuu wetu alinitania kwamba siku hizi Wakatoliki tunafanya matanga bila maiti. Nikacheka, Mama. Nilicheka kweli. Mwaisha, ninayekaa naye meza moja, akanivutia uani akaniambia nifunge mdomo, huyo babu kajitolea mwenyewe, nani kamwomba?

Sasa nikuambie. Sikukosea mstari. Au nilikosea, sijui, kila nikifikiri napata jibu jingine. Ila nilikuwa najua. Siku nane kabla ya kuiandika karatasi ile, barua ilipita mikononi mwangu pale masjala, ninakosajili barua za serikali: miili mitatu izikwe, ndugu wasiarifiwe. Jina la pili lilikuwa la Gabrieli. Niliipa namba, nikaipeleka kwa mkuu, nikaenda kula. Wiki ileile Mama Gabrieli alinipigia kuuliza kama huku mjini nimesikia lolote, nikamwambia azidi kusali.

Leo nimeungama. Padri hakuniamuru kitu. Aliniuliza tu kama najua Castory anapata dawa zake za presha. Sikujua.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakwenda polisi na wakili kusema kwamba karatasi ni yangu na barua niliiona. Nilitaka kwenda leo, nikaogopa. Nimempa wakili namba na tarehe ya barua ile, kwa hiyo hata nikikimbia, habari imeshatoka. Sijui kama huu ni ujasiri.

Mama, nenda kwa Mama Gabrieli wewe mwenyewe, asisikie barabarani. Mwambie ni kweli. Mwambie pia kwamba nilijua nilipomwambia asali. Hilo usilifiche ili kunilinda.

Msalimie Baba Mdogo Ignas na Veronika, na mwombe Mungu awape siku njema kuliko zangu.

Ni mimi binti yako,
Kristina