Mashine ya Ulezi Iliyofunguliwa Kanisani

Mpendwa mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima na yale magoti yamepoa, sisi huku Laela baridi imetushika lakini Mungu anatulinda. Naomba msaada maana nyumbani hatuelewani. Mimi ni mama wa makamo, elimu yangu darasa la saba, nimebuni mashine inayopura na kupepeta ulezi kwa mara moja, mume wangu Raymond akaichomelea, na inafanya kazi, makapi hayawashi tena shingo, basi mwezi uliopita kwenye Misa ya mavuno nikaipeleka mbele ya altare kama wenzangu walivyopeleka mazao, padre akainyunyizia maji ya baraka, nami kwa furaha nikafungua mfuniko watu wote wakaona meno ya ndani, kwani kuficha alichonipa Mungu niliona ni uchoyo. Habari zikafika Sumbawanga mjini, akaja Yunusu mwenye duka la vyuma, akasema, "Mama, niachie mimi nizitengeneze. Hataza, hiyo haki ya serikali ya kuzuia wengine wasiige, ya nini? Mpaka uipate, ulezi utakuwa umeota mvi." Raymond naye anasema mikopo ni ghali, tungoje Benki Kuu ishushe riba, tukope, ndipo tuandikishe hataza tufungue karakana. Nimpe Yunusu, au ningoje? Na kuzuia wenzangu wasiige si dhambi? Yunusu anarudi baada ya gulio. Tafadhali nijibu mapema.

Dominika

Dada Dominika,

Magoti yangu hayajambo, asante. Pole, ila wewe na Raymond mnanichosha. Riba ikishuka itashuka kwa wote, na Yunusu mwenye dhamana atakopa kabla yenu. Pesa ikiwa rahisi na ubunifu wako hauna ulinzi, karakana itakua, lakini yake. Na hataza bila mtaji ni karatasi ya kutundika ukutani. Unahitaji vyote viwili, ila kimoja hakingoji.

Dhambi iko wapi? Anayeomba hataza hueleza wazi kifaa chake kinavyofanya kazi, wengine wajifunze, na miaka yake ikiisha kila mtu anatengeneza. Huo si uchoyo, ni ujira.

Kosa lako ni ule mfuniko. Ukishaonyesha hadharani, sheria hukuachia muda mfupi tu wa kuomba. Wiki hii peleka maombi BRELA, wakala wa serikali wanaosajili hataza, riba iwe juu au chini. Yunusu akija, mkaribishe chai, mashine ibaki chumbani. Mwambie atoe mtaji, wewe upate fungu kwa kila mashine itakayouzwa, kwa maandishi, mbele ya wakili. Hapo mkopo hamuuhitaji kwa sasa. Akikataa, umemjua.

Baraka mashine imeshapata. Mfuniko funga mwenyewe, halafu niandikie upesi kwamba umefunga.