Jongoo wa Makopo Mawili

Shangazi,

Shikamoo. Sindano ulizonitumia zimefika, nakushukuru sana. Za maabara ni nene mno; kwa hizi zako za kushonea naweza kuikunjua miguu ya jongoo aliyekufa bila kuivunja.

Sasa nikupe kichekesho. Wale jongoo weupe wa pangoni niliokusimulia, wasio na macho, niliwagawa aina mbili: wakubwa wenye pingili nyingi kopo hili, wadogo wenye pingili chache kopo lile. Miaka miwili nilikuwa najigamba kwamba nimegundua aina mpya. Juzi mmoja wa wadogo akajivua gamba mbele yangu, akatoka na pingili zimeongezeka. Kumbe ni watoto wa wale wakubwa. Mkuu wa maabara alicheka mpaka akavua miwani.

"Umewaandikia watoto ukoo mwingine," akasema, "na mama yao yuko kopo la jirani."

Nimebandua lebo, nikawaweka pamoja.

Shangazi, Baba aliniambia kabla hajafariki. Alisema uliponizaa ulikuwa bado shuleni, na yeye kaka yako akanichukua ili umalize masomo. Sina kinyongo hata kidogo. Sare zangu zote ulizishona wewe, na kila mwaka ulinipima taratibu kuliko mteja yeyote. Sasa najua kwa nini. Asante.

Mwezi ujao nakuja. Nikishabisha hodi, nitakuita vile ambavyo sijawahi kukuita. Nakuomba uitike.

Mwanao