Watoto Walikula Kwanza

Ma'mdogo wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza na neno lingine.

Nataka kukusimulia sherehe ya kuzaliwa ya Limi, yule binti wa Mama Limi wa machimboni Mwakitolyo. Ile oda uliyoipokea kabla hujaugua. Nimeipika mimi. Mwenyewe, Ma'mdogo.

Baada ya kukuzika, wateja wako wa Nyasubi walipotea mmoja mmoja. Siwalaumu. Mmoja alimwambia mama, nami nikiwa hapo hapo naosha sufuria, "Kabula mkono anao, ila sherehe inataka mdomo. Huyu ukimuuliza jina anaangalia kidole gumba cha mguu." Nikaendelea kusugua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, asubuhi sina pa kwenda, na majiko yako yalikuwa yamepoa. Nikaona kazi yako inakufa mikononi mwangu kwa sababu ya aibu yangu. Ni Mama Limi tu aliyepiga simu: "Oda yangu nilimpa marehemu. Si mlikuwa mnapika wote? Njoo basi."

Nikaenda, na masufuria yako yote, mama akinisindikiza.

Nilianza na vile vidonge vyako vitamu. Nililoweka matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nikayatwanga na karanga mpaka yakalainika, nikaviringisha kwenye ufuta. Karanga nilizisaga sana, maana siku ile nilipoacha nzima ulinigombeza: "Unataka kumpalia mtoto wa watu?" Nikatengeneza sambusa ndogo za maini na karoti. Nikatunga vipande vya papai na ndizi kwenye vijiti, nikakamulia limau ndizi zisiwe nyeusi. Juisi ya ubuyu, sukari kidogo tu. Keki niliioka kwa mkaa juu na chini, ikapasuka katikati, nikaziba ufa kwa vipande vya papai. Ungenicheka wewe! Halafu wali, kuku, na mchicha wa karanga.

Shida haikuwa kupika. Unajua sherehe zetu zilivyo. Siku ni ya mtoto, lakini meza wanaanza wageni waheshimiwa, wanafuata wanaume, kisha akina mama, na mtoto mwenyewe anakuja kupewa ukoko na shingo ya kuku. Wewe ulikataa. Ulipopika wewe, watoto walitandikiwa mkeka, wakanawa, wakala chakula kwanza, ndipo vitamu, ndipo wakubwa. Ulisema na watu wakatii. Mimi nilikuwa nyuma yako na beseni la kunawia.

Sasa siku hiyo duara la Baba Limi, shimo lake la kuchimbia, lilikuwa limetema. Habari ya dhahabu haijifichi. Wachimbaji walikuja, na wanunuzi wao, na watu ambao hata Baba Limi hakuwajua. Nikatazama sufuria, nikatazama wale wanaume. Wakianza wao, watoto hawapati kitu.

Mshereheshaji akatangaza, "Wageni waheshimiwa, meza iko tayari!" Akainuka mzee mmoja mnene, mabuti yana udongo, akashika sahani. Wengine wakajipanga nyuma yake. Nilisimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi.

"Shikamoo, baba. Watoto kwanza."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Akainama. "Marahaba. Umesemaje?"

Nikarudia.

"Nani kasema hivyo?"

"Ma'mdogo wangu."

"Yuko wapi nimwone?"

Nikamjibu nikimtazama usoni, sijui nilipata wapi nguvu hiyo: "Ameshafariki. Lakini utaratibu wake upo."

Mshereheshaji akazima muziki, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi. Kisha yule mzee akageukia wenzake: "Jamani, mimi nashuka shimoni kila siku, mwamba haujawahi kunizuia. Leo nimezuiwa na mwiko!" Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika. Bibi yake Limi akapaza sauti kutoka nyuma, "Rudi ukakae, wewe! Wabeja, asante mwanangu, wagawie watoto!" Mzee akarudisha sahani, akavua mabuti, akaanza kuwanawisha watoto yeye mwenyewe. Aliwamwagia maji mengi kupita kiasi, lakini sikumwambia. Ujasiri ulikuwa umekwisha.

Walikula, Ma'mdogo. Walikula mchicha! Kuna kitoto kimoja kilikuwa kinautema, kilipoona Limi anaongeza, na chenyewe kikanyoosha sahani. Vidonge viliisha kabla soda haijafunguliwa. Wakubwa walipata pia, ingawa kuku hawakuwatosha, na waliokosa walinitania tu. Hakuna aliyekasirika.

Wakati nasugua masufuria, wakaja akina mama wanaoshinda mwaloni, pale dhahabu inapooshwa, wanasaga mawe. Watoto wao wanashinda na pipi na andazi moja tangu asubuhi. Wakataka niwapikie uji kila siku, wao wachange hela. Mmoja akauliza, "Utawaweza hao watundu?" Nikasema, "Nitawaweza." Nilisema kabla mama hajanisemea.

Tulipofika nyumbani, mama aliwasimulia majirani wa Nyahanga nzima, na kila akisimulia yule mzee anazidi unene. Mimi nilijificha jikoni nikitabasamu. Ningetaka uwe umeketi pale, uniitikie kwa ile yako, "Enhe, haya, endelea." Hapo ndipo nililia kidogo. Kidogo tu.

Basi pumzika, Ma'mdogo. Jumatatu narudi Mwakitolyo, naanza na uji wa ulezi, karanga na dagaa nilizosaga laini ili watoto wasizione. Siwezi kukuahidi kwamba aibu itaniisha. Nakuahidi kwamba mtoto hatalala njaa karibu na sufuria yangu kwa sababu mimi niliona aibu kusema.

Mwanao,
Kabula