Gongo Alilorusha Mossie

Kilcorrish,
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mpendwa Sorcha, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu zangu nyingi huko Auckland uliko. U hali gani, mwanangu? Mgongo wako umepata nafuu, au bado unawainua wagonjwa peke yako kama vile hospitali nzima haina mwingine mwenye mikono? Sisi huku hatujambo. Goti langu linaendelea kutabiri mvua, na mwaka huu halijakosea. Baba yako mzima wa mwili. Ya moyoni mwake ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana ningekupigia simu angesikia kila neno, na unamjua alivyo.

Ng'ombe wamerudi bandani mapema kwa sababu ya tope. Yule paka wako kizee bado yupo, na roho yake mbaya ni ileile.

Haya, tuje kwenye lenyewe. Matokeo umekwisha yaona, najua: Knockdarra wametufunga fainali ya kaunti ya mpira wa magongo kwa pointi moja. Lakini jinsi ilivyokuwa hakuna gazeti litakalokuambia, kwa hiyo keti.

Tangu Januari, kaka yako Diarmuid alipovaa jezi ya Knockdarra, baba yenu Mossie hakuwa amemsemesha. Kumwoa Muireann wa ng'ambo ya mto, sawa. Kujenga nyumba kwao, tulimeza. Lakini kuwachezea! Kwetu mtu huichezea parokia aliyobatizwa mpaka magoti yamkatae. Mossie alisema neno moja tu, "Mwanamume habadilishi jezi," akaingia zake bandani kuchonga magongo. Diarmuid naye ni mtoto wa nyoka, akanuna kwake. Wewe umesema unakuja Krismasi, nami nikawa najiuliza utakuta meza ngapi. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, Sorcha. Kombe lina wenyewe.

Jumapili tulijaa uwanjani mimi na wote wa huku, na sandwichi zangu za nyama ya nguruwe zikaisha kabla mpira haujaanza. Baba yako alikuwa mahali pake, pembeni mwa uwanja, na furushi la magongo. Kazi yake ileile ya miaka yote: gongo la mchezaji wetu likivunjika, mchezaji anainua mkono, Mossie anamrushia jingine. Wakati wa kuagana na kuulizana hakuna. Ukizubaa, mpira umekwisha kwenda.

Kipindi cha kwanza tulicheza ovyo, wee acha tu. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja wa Knockdarra, mdomo kama tarumbeta. "Nyie mabata wa Kilcorrish, rudini kwenye tope lenu!" Nikageuka nikamwambia, "Mama, tope letu ndilo lililomlea huyo mnayemshangilia." Maana kila pointi yao ilikuwa ya Diarmuid, na mimi shangazi mtu sikujua nipige makofi au nijifiche kwenye skafu.

Kipindi cha pili vijana wetu walizinduka. Tukawafikia. Dakika za mwisho tulikuwa sawasawa, na hakuna aliyekuwa amekaa tena.

Hapo ndipo mpira ulipoangukia upande wa baba yako. Diarmuid akaugombania na wawili wetu, magongo yakagongana, la kwake likapasuka vipande. Mpira ukadunda ukakaa karibu na miguu yake. Aliyekuwa akiwashikia Knockdarra magongo alikuwa upande wa pili wa uwanja kabisa. Diarmuid hakuangalia. Aliinua mkono kama alivyokuwa akiuinua tangu utoto, akaita, "Baba!"

Na Mossie akarusha.

Mwanangu, nililiona gongo likiruka kwa macho yangu haya. Diarmuid akalidaka, akauokota mpira kwa ncha yake, akaupiga papo hapo kutoka pembeni. Ukapaa, ukapita kati ya nguzo juu ya mwamba, na hiyo ndiyo pointi. Refa akapuliza kipenga, mchezo umekwisha.

Kisha Batt Heelan, yule mwenyekiti wetu, akaja mbio, uso umemwiva kama nyanya. "Mossie! Kwani wewe ni wa upande gani?"

Baba yako akaitazama mikono yake. "Mkono umezoea, Batt," akasema. "Si aliita."

Jioni ile walimcheka kwenye baa. Nasikia mtu aliinua glasi akasema mchezaji bora wa Knockdarra mwaka huu ni Mossie. Wengine hawakucheka, na hao ndio wabaya zaidi. Jana asubuhi akalibeba furushi, akaliacha mlangoni kwa Batt bila kugonga. Miaka yote ile, Sorcha! Nilimhurumia nikalia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Jana hiyohiyo, wakati wa chai, mlango ukafunguliwa. Diarmuid. Macho mekundu kwa sherehe, sauti imemkauka, na lile gongo mkononi. Baba yako alikuwa anapaka mkate siagi. Akaendelea kupaka.

"Nimeleta gongo lenu," Diarmuid akasema.

"La nani hilo?" Mossie akauliza, utadhani kaletewa mwavuli.

"La Kilcorrish. Sikutaka mkose moja kwa ajili yangu."

Nikaona hawa wawili watasimama hivyo mpaka Krismasi kweli, nikalipokea gongo niliweke kona. Ndipo nilipolishika vizuri. Lilikuwa refu, refu kuliko la mtu yeyote wa timu yetu. Mti mweupe kabisa, wa mwaka huu. Na kishikio kinene, chenye kifundo kikubwa mwishoni. Unakumbuka kidole cha Diarmuid kilichovunjika akiwa shule, kisichokunjika mpaka leo? Hakuna mkono mwingine duniani unaohitaji kishikio kile.

"Mossie," nikamwambia, "hili ulimchongea nani?"

Siku zote hizi alipokuwa amejifungia bandani, nasi tukidhani ananuna! Na akalitia ndani ya furushi la Kilcorrish, akalibeba mechi hadi mechi, mtu asijue.

Diarmuid alielewa. Alikaa kwenye kiti chako kile cha dirishani, akafunika uso kwa mikono, lile jitu zima. Baba yako akamsogezea mkate.

"Lilikuwa zito?" akauliza.

"Hapana, Baba. Lilikuwa sawa."

"Kuna lingine bandani. Lakini usitoke nalo mchana, watu wataona."

Basi, Sorcha, siri hii ni ya watu wanne sasa. Batt na parokia nzima waendelee kuamini kuwa mkono ulizoea. Usimwambie mtu, hata huko ng'ambo, maana una jirani kutoka Kilcorrish na mdomo wake naujua. Knockdarra wanaendelea mashindano ya mkoa mwezi ujao. Mossie anasema atakwenda, ila kulitazama gongo, si kumtazama mtu.

Diarmuid na Muireann wanakusalimu sana. Paka hakusalimu. Baba yako anasema uvae nguo nzito ukija, kisha akasema tena. Mungu akufunike kwa mkono wake, akufungulie njia ya kurudi salama. Nimekwisha agiza bata mzinga mkubwa, na nimemwambia seremala aiunge meza, kwa sababu itakuwa moja.

Ni mimi akupendaye hata usipojibu upesi,
Shangazi yako Gobnait