Sauti ya Baba

Kitale, Jumapili

Kwa shangazi yangu, Senge Nakhumicha, huko Chwele,

Natumaini mko salama. Kuku uliyetuletea ametotoa vifaranga, na jioni ninamsomea Baba hadithi. Tangu apatwe na kiharusi, ni mimi tu ninayeelewa maneno yake.

Kwa hiyo Ijumaa, afisa wa fidia alipokuja, niliketi kati yao.

"Mzee Wepukhulu, ulianguka wapi?"

Baba akaniambia kwa taabu, "Sema ni hapa nyumbani."

Nilijua sababu. Alianguka ghalani akiwa na gunia la mahindi mabegani, akajikojolea mbele ya vijana anaowasimamia. Hataki waulizwe. Lakini tukisema nyumbani hakuna fidia, na bila fidia hatuwezi kulipia mazoezi ya mkono na mguu wake.

"Anasema alianguka kazini," nikajibu, "akiwa amebeba gunia."

"Ati? Si amesema maneno machache tu?"

"Ndivyo anavyoongea siku hizi."

Afisa akaandika. Baba akafumba macho.

Senge, sijawahi kumpinga Baba mbele ya mgeni, na sasa nimempinga kwa kujifanya ni yeye anayesema. Naona aibu hata kuingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo hasemi lolote. Akitaka maji ananyoosha kidole.

Tafadhali njoo. Wewe ni dada yake mkubwa, labda atazungumza nawe. Usipomwelewa, nakuomba usiniite nikueleze. Mwache arudie mwenyewe.

Mtoto wa ndugu yako,
Ivy